Uzi maalum wa wafanyakazi wa maji mijini: habari, nafasi za mafunzo na yale ambayo semina haziyafikii

Mlinda Valvu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wetu sisi tunaofanya kazi kwenye mamlaka za maji za mijini: wa mtamboni, wa saiti, wa maabara, wasoma mita, wa majitaka, hata nyie wa kaunta mnaotukanwa kwa niaba yetu. Habari za sekta tuziweke humu, nafasi za mafunzo tuziweke humu. Lakini kwanza nitoe dukuduku langu.

Mafunzo kwenye sekta hii yapo, tena si haba. Shida ni nani anayekwenda. Barua ikija inatua ofisi kuu na inaishia ofisi kuu. Mhandisi anakwenda, wa mipango anakwenda, mhasibu naye anapata kiti kwa sababu kuna kipengele cha bajeti. Siku tatu hotelini, picha ya pamoja, cheti, wamerudi. Yule anayefungua valvu alfajiri alifundishwa na aliyemtangulia, naye alifundishwa na mzee aliyekwisha kustaafu, na hakuna anayejua mzee alifundishwa na nani.

Niliwahi kumwona kijana wa kibarua akifungua valvu ya inchi kumi na mbili baada ya mgao. Kaishika gurudumu kwa nguvu zote, kaizungusha mpaka mwisho ili wateja wapate maji haraka. Mbele kidogo bomba likapasuka, barabara ikawa mto. Ripoti ikaandikwa "bomba chakavu". Chakavu lilikuwa kweli, ila kilichomalizia ni mshtuko wa maji kukimbilia bomba tupu lililojaa hewa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba bomba lililokauka hujazwa polepole: unafungua kidogo, unaacha hewa itoke kwenye vali za hewa na kwenye ncha za mtandao, ukisikia imeacha kufoka ndipo unaongeza. Somo la dakika kumi hilo, na halihitaji hoteli.

Sasa habari, kwa ufupi. Kwa mliojiunga karibuni, sheria inayotuongoza hapa Tanzania ni ile ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, ndiyo iliyoizaa RUWASA, wakala wa maji kwa ajili ya vijijini. Sisi wa mijini tumebaki chini ya mamlaka zetu na jicho la EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Zile taarifa za utendaji ambazo EWURA hutoa kila mwaka, zisomeni, msiwaachie wakurugenzi peke yao. Humo utaona mamlaka yako imeshika nafasi ya ngapi na kwa sababu gani. Utaona pia kwamba kitaifa zaidi ya theluthi moja ya maji tunayozalisha hayaingizi hata senti, wakati tunakotakiwa kufika ni asilimia 20.

Theluthi ni nini hasa? Tuipeleke Dar. Mtambo wa Ruvu Chini uwezo wake ni lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu milioni 196. Jumla 466. Oktoba 2022 mto ulipokauka uzalishaji ulishuka hadi kama milioni 300, jiji zima likaingia kwenye mgao, watu wakanunua madumu kwa bei za kutisha. Ule ukame uliondoa lita milioni 166. Theluthi ya 466 ni milioni 155. Yaani jiji likiwa na upotevu wa wastani wa nchi, linapoteza kila siku ya Mungu kiasi kinachokaribia kile kilichotangazwa kuwa janga, ila hakuna anayetangaza. Bwawa la Kidunda likikamilika litahifadhi lita bilioni 190, na tunalisubiri kwa hamu, lakini maji yake yatapita kwenye mabomba haya haya na mikononi mwetu hawa hawa.

Kwa hiyo naanza na somo la uvujaji. Tundu la milimita tano kwenye bomba lenye presha ya bar tatu linatoa takriban uniti moja (lita 1,000) kwa saa. Kwa siku ni uniti 24, yaani ndoo 1,200 za lita ishirini. Tundu lenyewe linazibwa na ncha ya kidole. Na haliruki juu kama chemchemi ili mwenyekiti wa mtaa apige simu, linanyonywa na mchanga chini kwa chini miezi na miezi. Bomba kuu likipasuka tunakimbia wote na magari, na kesho yake limezibwa. Kinachotumaliza ni hivi vidogo visivyoonekana.

Karibuni. Kila mtu na eneo lake.

Msoma Mita wa Juani

Mkuu umenigusa. Mimi ni msoma mita, na semina pekee niliyowahi kupelekwa ilihusu huduma kwa mteja. Tukafundishwa kutabasamu.

Kitu ninachokutana nacho kila mwezi kwenye mitaa ya mgao: mteja anatoka na bili mkononi anasema mita inasoma hewa. Ofisini tumeambiwa tujibu kwamba hilo haliwezekani. Mimi nimesimama pale maji yanaporudi, nimeona kwa macho yangu mita inazunguka kama feni na bombani hakuna tone. Nimwambie nini huyu mama?

Mlinda Valvu

Mwambie ukweli ndugu yangu. Mita hizi za kawaida zina gurudumu ndani linalosukumwa na kitu chochote kinachopita. Maji yanaporudi kwenye bomba tupu yanasukuma hewa mbele yake, na hewa inatoka kwenye mita ya mteja kwa kasi kuliko maji. Gurudumu halina akili ya kutofautisha. Kwa mteja mmoja kiasi chake mara nyingi si kikubwa kama anavyodhani, lakini kipo, na anayekaa mwinuko au mwisho wa mtandao anaumia zaidi. Dawa si kubishana naye, dawa ni vali za kutoa hewa zinazofanya kazi kwenye vilele vya bomba. Kagueni zenu. Nyingi zimeshika kutu, au zimefunikwa na zege la mkandarasi wa barabara.

Ila kuna upande wa pili ambao wateja hawautaji, na sisi pia tunausahau. Tanki la juu ya paa lenye boya. Likikaribia kujaa, boya linabana na maji yanaingia kama uzi. Mita ina kiwango cha chini kabisa ambacho chini yake gurudumu halitikisiki. Maji yanapita usiku kucha, tarakimu zimelala. Nyumba hiyo moja si kitu, ila mtaa wenye matangi mia nane ni kitu. Mita ikiwa imezeeka, au imefungwa kwa kulala upande kwa sababu fundi aliona ndivyo bomba linavyokaa, ndiyo kabisa. Kwa hiyo mita inayomwibia mteja mchana inaweza ikatuibia sisi usiku, na kwa hesabu ya mamlaka nzima usiku ndio mrefu.

Na unapofika kwa mteja mwenye bili kubwa isiyoeleweka, kabla ya kumwandikia fomu ya malalamiko, mwombe afunge mabomba yote ya ndani. Angalia kile kinyota au kipembetatu kidogo kwenye uso wa mita. Kikiendelea kuzunguka, kuna kinachovuja ndani kwake, mara nyingi ni tanki la choo. Umemaliza kesi papo hapo barazani.

Mteja Sugu

Nimepita tu humu mimi si mfanyakazi. Kumbe mnajua kwamba mita inasoma hewa!!! Miaka yote mnatuambia tunavuja wenyewe. Nimechukua picha ya huu ujumbe naenda nao ofisini kwenu kesho.

Msoma Mita wa Juani

Haya mwanzisha uzi, umeyaanzisha. 😂 Kaka, kafunge mabomba yako kwanza uangalie hicho kinyota, halafu twende wote.

Bosi Mdogo

Naomba niseme la upande wa pili maana mimi ndiye huwa naandika hizo orodha za wanaokwenda mafunzoni. Si kwamba tunawabagua mafundi. Semina nyingi barua inakuja na sifa za mshiriki: awe na shahada, awe mkuu wa kitengo. Nikimpeleka fundi anarudishwa mlangoni. Pili, nikitoa mafundi wanne wa zoni kwa siku tatu, nani atakwenda kwenye bomba lililopasuka? Tatu, tuseme ukweli, wengine mnaoomba mafunzo mnaomba posho.

Mlinda Valvu

Heshima yako mkuu. La posho sikatai, na ofisi kuu nako wanakwenda kwa posho, tofauti ni kiwango tu. Lakini hizo sababu zako mbili za kwanza zina jawabu moja: mafunzo yaje saiti, si saiti iende kwenye mafunzo. Robo saa kila Jumatatu asubuhi, kabla gari halijatoka getini. Mhandisi aliyerudi kutoka semina asimame mbele ya mafundi aseme alichojifunza, kwa Kiswahili, ameshika kifaa mkononi. Akishindwa kukieleza, basi alikwenda kula biskuti. Siku hizi kila mtumishi anajaza kazi zake kwenye PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji, badala ya ile OPRAS ya karatasi. Kuwafundisha wenzio ni kazi inayopimika, iwekeni humo mkaone watu watakavyofundisha.

Mifano ipo. Phnom Penh kule Kambodia mwaka 1993 ilikuwa inapoteza asilimia 72 ya maji. Mkurugenzi wao Ek Sonn Chan hakuanza na mitambo mipya pekee, alianza na watu wake: mfanyakazi aliyehusika na maunganisho ya wizi alitimuliwa, aliyefichua alilipwa, mafundi wakafunzwa kutafuta uvujaji usiku. Upotevu ukashuka hadi chini ya asilimia kumi. Hapo jirani Uganda, NWSC, shirika lao la maji, chini ya Dkt. William Muhairwe kuanzia 1998 walitoka kwenye hasara kwa kuyapa matawi malengo yao wenyewe na bonasi zao wenyewe. Mpaka wakawa wanaalikwa kufundisha mashirika ya nchi nyingine. Hawa si malaika na wala si matajiri kutuzidi.

Klorini Kidogo

Niko maabara. Naomba niweke la kwangu maana kila msimu wa mvua roho inanitoka.

Mtamboni usiku anabaki opereta mmoja. Maji ya mto yanakuja rangi ya chai ya maziwa. Anachofanya, anaongeza klorini kwa kukisia, kopo badala ya nusu kopo, ili awe salama. Asubuhi wateja wanalalamika maji yananuka dawa, na bado vipimo vya vijidudu vinakuja vibaya. Anashangaa. Tope linakula klorini kabla haijawafikia vijidudu, na vijidudu vinajificha ndani ya tope. Kinachotakiwa kwanza ni kuyang'arisha maji, kwa shabu au kemikali nyingine mnayotumia, ndipo klorini ifanye kazi yake. Na kiasi cha shabu hakikisiwi.

Jaribio la majagi ni hivi. Pima gramu kumi za shabu, yeyusha kwenye lita moja ya maji safi. Kila mililita moja ya mchanganyiko huo ukiitia kwenye lita moja ya maji ya mto, umetia miligramu kumi kwa lita. Panga majagi matano ya lita moja moja, tia mililita 2, 3, 4, 5 na 6. Koroga haraka dakika moja, koroga taratibu dakika kumi na tano hadi ishirini, acha nusu saa. Jagi lililotulia na kung'aa kwa dozi ndogo kuliko yote ndilo jibu lako la usiku huo. Kesho asubuhi mto ukibadilika, unarudia. Huna mashine ya kukorogea? Vijiti na mikono ya watu wawili vinatosha kuliko kukisia.

Klorini sasa. Tanki la uniti 500, unataka dozi ya miligramu 2 kwa lita. 500 mara 2 ni gramu 1,000 za klorini halisi. Ila unga wa klorini (HTH) ulionao si klorini tupu, ukiwa mpya ni kama asilimia 65. Gawa 1,000 kwa 0.65 unapata gramu 1,540 hivi. Mizani tu, wala si kopo. Na ndoo iliyokaa wazi stoo ya joto tangu mwaka jana imeshuka nguvu. Ikiwa imefika asilimia 50 utahitaji kilo mbili kamili kwa kazi ile ile. Ndiyo maana opereta wawili wanatia "kipimo kile kile" na majibu hayafanani.

Baada ya nusu saa pima mabaki ya klorini. Shirika la Afya Duniani linataka yasipungue miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika thelathini, pH ikiwa chini ya 8, na kwenye bomba la mteja tukute 0.2 hadi 0.5. Ukipata sifuri kwa mteja wa mwisho, usikimbilie kuongeza mtamboni. Tafuta kwanza maji yanaingia uchafu wapi njiani, hasa mitaa ya mgao ambako bomba likiwa tupu linanyonya kutoka kwenye mtaro. Kipindupindu cha 2015 hapa Dar hakikuhitaji zaidi ya hapo.

Na jamani, unga unatiwa kwenye maji, si maji kwenye unga. Stoo ya klorini isikae na dizeli, oili wala shabu. Nimeikuta stoo moja vyote vitatu viko rafu moja, na mlinzi anavutia sigara mlangoni.

Mswahili wa Likoni

Hamjambo wadau. Nawasoma kutoka pwani ya Kenya. Yenu na yetu ni yale yale, tofauti ni majina. Sisi tangu ugatuzi wa 2013 kampuni za maji ziko chini ya kaunti, WASREB ndiye mdhibiti kwa Sheria ya Maji ya 2016, na upotevu wetu kitaifa umezidi asilimia 40, kwa hivyo msijione wabaya sana. Mombasa bado tunakunywa kupitia bomba la Mzima lililojengwa miaka ya 1950, kilomita 220 hivi kutoka Tsavo. Bomba lazee kuliko babangu mdogo.

Kwa mafunzo tuna KEWI, chuo cha maji kule Nairobi, lakini kwa fundi wa kawaida ambaye hakusoma, njia nzuri ni mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Waanza gredi ya tatu, wapanda. Nina kijana alikuwa kibarua akichimba mitaro, sasa ana gredi ya pili na kaajiriwa. Huko kwenu muna nini mfano wa hicho?

Fundi Asiye na Cheti

Hilo swali hata mimi naliuliza. Nina uzoefu wa kuunga mabomba muda mrefu, HDPE (plastiki ya kuchomelea), chuma, PVC zote, wahandisi wananiita nikawaelekeze vijana wa chuo. Ajira zikitangazwa naambiwa cheti. Nifanyeje wakuu?

Mlinda Valvu

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Haukurudishi darasani kuanza moja. Unajaza maombi kwenye chuo cha VETA kilicho karibu nawe, wanakupima kwa vitendo na kwa mahojiano, palipo na pengo wanakupa mafunzo ya kujazia, kisha cheti cha ngazi unayostahili. Nenda na ushahidi: picha za kazi, barua ya mkandarasi uliyefanya naye, majina ya wasimamizi. Uliza ada na tarehe pale pale chuoni, usimpe mtu wa kati hata shilingi.

Mwenye cheti cha kidato cha nne mwenye ufaulu wa sayansi, kuna Chuo cha Maji pale Ubungo, kipo tangu 1974. Kinachukua ngazi ya cheti na stashahada: usambazaji maji, maabara, haidrolojia, uchimbaji visima. Na wewe mwenye stashahada uliyekaa kimya, Bodi ya Usajili wa Wahandisi husajili hata mafundi sanifu, si wahandisi peke yao. Usajili huo unakuweka kwenye orodha ya mafunzo endelevu, na siku barua ikija "kwa waliosajiliwa" Bosi Mdogo hapo juu hana pa kukukwepea.

Ila nikujaribu kidogo kabla VETA hawajakujaribu. Unachomelea HDPE ya milimita 160, mvua inatishia, foreman anakupigia kelele. Unafanya nini kiungo kikishashikana?

Fundi Asiye na Cheti

Ananipigia kelele nimwagie maji kipoe haraka. Simwagii. Kiungo kinapoa chenyewe kikiwa bado kimebanwa kwenye mashine, kwa muda ulio kwenye jedwali. Ukikimwagia maji au ukifungua vibano mapema kinaonekana kizuri tu kwa nje, vile vikunjo viwili vimekaa sawa, halafu siku ya kupima presha kinaachia. Na kabla ya hapo: ncha zinakwanguliwa na kile kisu cha mashine mpaka utoke utepe mzima usiokatika, huzigusi tena kwa mkono wenye jasho, sahani ya kuyeyushia ncha inapashwa mpaka nyuzi 210 hivi, na ncha mbili zikipishana zaidi ya sehemu ya kumi ya unene wa bomba unarudia. Turubai kwanza, hiyo mvua baadaye.

Mlinda Valvu

Huyu apewe cheti leo.

Chemba Namba Saba

Nimesubiri kuona kama kuna atakayegusa majitaka. Kama kawaida, hakuna. Hata kwenye Wiki ya Maji, Machi 16 hadi 22, viongozi wanafungua mabomba na kunywa glasi mbele ya kamera. Sijaona anayefunua chemba.

Basi niseme mimi. Kazi yetu inaua, na inaua wawili wawili. Anashuka mmoja kuzibua, anaanguka. Mwenzake anamwona kaanguka, anashuka kumtoa, naye anaanguka juu yake. Wakati mwingine na wa tatu. Wala si uzembe, huyo wa pili anakufa kwa upendo na kwa kutofundishwa.

Kinachowaua ni gesi, na kubwa yao ni haidrojeni salfaidi. Ni ile harufu ya yai viza. Wazee wetu walitufundisha "ukisikia harufu usishuke, ikiisha shuka". Hii ndiyo kauli hatari kuliko zote kwenye kazi yetu. Gesi hiyo ikiwa kidogo unaisikia, ikifika kama sehemu 100 kwa milioni inaua pua yenyewe ndani ya dakika chache, husikii tena kitu. Unadhani imeisha, kumbe imeongezeka. Ikizidi 700 unaanguka kabla hujamaliza sentensi. Na ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, kule kule unakoelekea na ngazi.

Kiberiti, karatasi inayowaka, kuku, yote hayo nimeyaona yakitumika na yote ni upuuzi. Kiberiti kikikuta methani unajilipua mwenyewe. Kinachotakiwa ni kipima gesi cha gesi nne: oksijeni, gesi zinazolipuka, kaboni monoksidi na haidrojeni salfaidi. Kinateremshwa kwa kamba: unapima juu, katikati, chini kabisa, unakipa muda kila hatua. Oksijeni ya kawaida ni asilimia 20.9, ikiwa chini ya 19.5 hushuki. Haidrojeni salfaidi ikifika 10 kengele inalia, hushuki. Unafunua chemba ya juu na ya chini ya ile unayoingia, unaweka feni. Na hata kipima kikisema salama kinashuka na wewe kifuani, kwa sababu gesi nyingi imelala ndani ya tope. Ukikanyaga au ukilichokoa inapanda kwa mkupuo.

Anayeshuka amefungwa mkanda wa mwili mzima, kamba iko kwenye winchi ya miguu mitatu juu. Anayebaki juu kazi yake ni moja tu, kuitazama ile kamba na mtu wake. Haendi dukani wala hapokei simu. Mwenzake akianguka anazungusha winchi. Hashuki. Hata akiwa ni mdogo wake wa damu, hashuki.

Sheria ipo, ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wanatoa mafunzo haya haya. Mwajiri ndiye anayetakiwa kulipia vifaa. Na ukiumia kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Vibarua nanyi mjue kuwa kuumia kazini si suala la "pole tukuchangie nauli". Hakikisheni majina yenu yako kwenye orodha ya mwajiri, yameandikwa, kabla ya kushika koleo.

Bosi Mdogo

Chemba Namba Saba, nimekusoma mara mbili. Naomba kuuliza bila kificho: kipima gesi sisi tunacho, kimoja, kiko kabatini kwangu. Kila mara vijana wanaomba naambiwa betri. Kikichajiwa kinafaa kutumika moja kwa moja?

Chemba Namba Saba

Hapana mkuu. Vihisio vyake vinazeeka hata kikiwa kabatini, vingi ni miaka miwili mitatu. Kinaweza kuwaka, kikaonyesha sifuri nzuri, na kikawa kipofu. Angalia kibandiko cha nyuma tarehe ya mwisho ya kukipima usahihi. Kisha kabla ya kila siku ya kazi kinapulizwa gesi ya majaribio kutoka kwenye kopo lake, kengele zote nne zilie. Isipolia hata moja, hakishuki. Kopo hilo huuzwa na wanaouza kipima chenyewe, na lina tarehe ya kuisha pia.

Msoma Mita wa Juani

Swali la mwisho kwa Mlinda Valvu kabla sijaingia mtaani. Uliandika habari ya kutafuta uvujaji usiku. Sisi tumewekewa mita kubwa kwenye zoni yetu, na mhandisi anasema ifikapo saa nane usiku hadi saa kumi watu wamelala, kinachopita pale ni uvujaji. Tumesoma, imekuja kubwa mno, zoni nzima tumepita na fito za kusikilizia mabomba ardhini, hatujakuta kitu.

Mlinda Valvu

Zoni yenu ina mgao?

Msoma Mita wa Juani

Siku mbili kwa wiki.

Mlinda Valvu

Basi mlikuwa mnapima matangi ya watu. Kwenye zoni ya mgao maji yakirudi, usiku ndipo kila paa linajaza. Kipimo hicho kinafaa mahali ambapo maji hayakatiki. Ombeni zoni hiyo iachiwe maji mfululizo siku tatu nne mpaka maboya yote yafunge, halafu msome usiku wa mwisho. Mkiona bado kubwa, fungeni valvu za mitaa mmoja mmoja kuanzia mbali mkirudi kwenye mita, huku mtu mmoja amekaa na tochi anaandika namba kila mnapofunga. Mtaa ambao ukiufunga namba inaporomoka, huo ndio wa kwenda na fito. Na mfunge polepole.

Msoma Mita wa Juani

Siku nne mfululizo! Zoni ya pili watatuchoma moto. Ngoja nimpelekee mhandisi, nitaleta mrejesho humu.